Kutoka Friza Hadi Tumboni: Kumlisha Nyoka au Mjusi Panya wa Kugandishwa

Panya aliyekaa kwenye friza miezi mitatu ni mgumu kama kipande cha ubao. Mgonge mezani, utasikia ko-ko. Nyoka akiletewa kitu cha namna hiyo hakitambui kuwa ni chakula, na hana kosa: hakina joto, hakina harufu, hakitikisiki. Kazi yako ni kukirudishia uhai wa uongo, yaani joto, harufu na mtikisiko kidogo, bila kukipika na bila kukiozesha. Ukishalielewa suala la joto, mengine hujipanga yenyewe.

Kila mgeni wa ufugaji huu huuliza swali moja: kwa nini asipewe panya hai, kama porini? Kwa sababu porini nyoka ana pa kukimbilia. Ndani ya sanduku la kioo, panya aliyebanwa kona huuma, na nyoka asiye na njaa siku hiyo hujikunja tu huku akitafunwa mgongo. Nimewahi kuona nyoka ambaye mbavu zake zilikuwa zikichungulia kwenye kidonda baada ya kuachwa na panya mmoja usiku kucha. Panya mfu hang'ati. Isitoshe, friza huua sehemu kubwa ya vimelea waliomo mwilini mwa panya, na unaweza kujiwekea akiba ya miezi badala ya kufuga panya nyumbani, kazi ambayo kwa harufu yake tu simshauri mtu.

Na kwa nini mnyama mzima badala ya minofu? Nyoka hatafuni. Humeza vyote: manyoya, mifupa, ini na matumbo. Kalsiamu yake imo kwenye mifupa ya panya, vitamini A imo kwenye ini. Ukimlisha nyama tupu miezi mfululizo, mifupa yake mwenyewe italainika.

Hatua ya 1: Hakikisha mnyama wako ni wa kula panya

Kwa nyoka jambo hili ni jepesi. Wengi wanaofugwa, kuanzia chatu wadogo wa Afrika Magharibi aina ya Python regius hadi nyoka mwekundu wa Marekani aina ya Pantherophis guttatus, huishi kwa panya maisha yao yote bila kuhitaji kingine. Wachache ndio wenye mlo tofauti. Nyoka wa jenasi Thamnophis, kwa mfano, hula pia samaki na minyoo, na hapo kuna mtego: baadhi ya samaki, wakiwemo wale wekundu wa mapambo, wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Kuwagandisha hakukiondoi. Nyoka anayelishwa samaki hao peke yao huanza kutetemeka na kupoteza mwelekeo, na mwenye naye hudhani ni ugonjwa wa kuambukiza. Mzoeshe panya, au chagua samaki wasio na kimeng'enya hicho.

Kwa mijusi mambo ni tofauti kabisa, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Si kila mjusi anayefungua mdomo mbele ya panya anamhitaji. Iguana wa kijani ni mla majani. Usimpe nyama ya aina yoyote. Kinyonga na mijusi wengi wadogo ni wala wadudu. Mjusi mwenye ndevu wa Australia na yule mjusi wa madoa kama ya chui wanaweza kumeza mtoto wa panya asiye na manyoya, lakini kwao hicho ni kitafunio cha mara chache, labda kwa jike aliyetoka kutaga na kukonda. Mjusi wa ulimi wa bluu ni mla-vyote, kwa hiyo panya mdogo mara moja moja humfaa.

Wanaohitaji windo zima kwa kweli ni mijusi wakubwa: tegu wa Amerika Kusini na kenge. Lakini hata kenge hawafanani. Kenge wa savana, Varanus exanthematicus, porini hula zaidi konokono, mende, jongoo na wadudu wengine. Wafugaji humlisha panya kila siku kwa kuwa anawafakamia kwa furaha, na baada ya miaka michache wanabaki na mnyama mwenye tumbo linaloburuta chini, ini lililojaa mafuta na maisha mafupi. Ukimfuga huyo, wadudu wawe ndio mlo na panya awe nyongeza. Furaha yake anapokula si kipimo cha chochote. Hata sisi tungekula vitumbua kila siku.

Hatua ya 2: Pima ukubwa

Panya wa kulisha huuzwa kwa umri. Wa kwanza ni vitoto vyekundu visivyo na manyoya, vya gramu 1 hadi 3 kwa panya wadogo. Wanafuata walioanza kuota manyoya, kisha waliofumbua macho na kuanza kurukaruka, halafu wakubwa wa gramu 20 hadi 30. Baada ya hapo unahamia kwenye panya wa aina kubwa, ambao wakikomaa huvuka gramu 200. Kuna pia vifaranga wa siku moja, kware na sungura kwa nyoka wakubwa.

Kanuni ya jicho ni hii: panya asizidi sana unene wa sehemu nene kuliko zote ya mwili wa nyoka. Kichwa cha nyoka kisikutishe. Taya zake zina mishipa inayovutika na kinaweza kupitisha kitu kikubwa kuliko chenyewe. Baada ya kumeza, uvimbe uonekane kidogo. Ikiwa haupo kabisa, mlo ulikuwa mdogo. Ikiwa ngozi imevutika mpaka magamba yameachana, umezidisha.

Mimi naamini mizani kuliko jicho. Nunua ndogo ya kidijitali na usiitumie kwa chakula cha watu. Nyoka anayekua apewe mlo wa takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mzima asilimia 5 hadi 10. Nyoka mchanga wa gramu 200 atatosheka na panya mdogo aliyekomaa, gramu 20 hadi 30. Chatu mzima wa gramu 1,500 anahitaji kama gramu 75 za kuanzia, na asiletewe dubwana la gramu 300 eti kwa kuwa analimudu.

Ratiba inafuata umri. Watoto walishwe kila siku 5 hadi 7, wanaokua kila siku 7 hadi 10, wazima kila wiki mbili, na wale wakubwa wa jamii ya chatu hata kila wiki tatu au nne. Nyoka anaweza kuonekana na njaa muda wote, maana ameumbwa kuvizia, lakini unene unamuua taratibu kama unavyomuua kenge.

Kwa mijusi punguza zaidi. Taya zao hazifunguki kama za nyoka, kwa hiyo windo lisizidi upana wa kichwa.

Hatua ya 3: Nunua na uhifadhi vizuri

Nunua waliogandishwa tayari kutoka kwa mzalishaji wa panya wa chakula. Wazalishaji wa kweli huwaua kwa gesi ya kaboni dayoksaidi kabla ya kuwagandisha. Kumweka panya hai ndani ya friza ni ukatili, usijaribu. Na panya uliyemnasa kwa mtego ghalani usimguse: huenda amekula sumu siku mbili zilizopita, na sumu hiyo itahamia kwa nyoka wako.

Ukifungua pakiti, tazama. Panya mzuri ana manyoya makavu, tumbo la rangi ya kawaida na umbo lililonyooka. Tumbo la kijani au vipande vya barafu vilivyoshikanisha panya kadhaa kuwa bonge moja ni dalili kwamba waliwahi kuyeyuka njiani kisha wakagandishwa tena. Rudisha au tupa.

Friza iwe nyuzi -18 za selisiasi au chini yake. Funga panya kwenye mfuko usiopitisha hewa, andika tarehe kwa kalamu ya wino mzito, na uwatumie ndani ya miezi sita. Baada ya hapo hawaozi, ila vitamini, hasa vitamini E, zinazidi kupungua na mafuta yanaanza kuchacha. Kama friza ni ya familia, waweke ndani ya kisanduku cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, mbali na chakula cha watu. Mwambie kila mtu wa nyumbani kilichomo humo. Nasema hivi kwa sababu mama mkwe wangu alikifungua akitafuta samaki, na sikusikia mwisho wa habari ile kwa mwaka mzima.

Hatua ya 4: Yeyusha polepole

Usiku wa kuamkia siku ya kulisha, hamisha panya kutoka friza kwenda sehemu ya chini ya friji, ndani ya mfuko uliofungwa na juu ya kisahani. Kitoto kitakuwa laini baada ya saa chache, panya mdogo mzima baada ya usiku mmoja, panya mkubwa baada ya saa 24. Sungura mpe siku mbili.

Ukichelewa, unaweza kuanzia kwenye maji baridi: mfuko uliofungwa ndani ya bakuli, maji ukiyabadilisha kila nusu saa. Usimwache mezani mchana kutwa. Ngozi huyeyuka kwanza na kuanza kuoza wakati tumbo bado ni barafu, na tumbo ndilo lenye bakteria wengi.

Sasa mbinya. Bonyeza tumbo kwa vidole viwili, taratibu, kuanzia mbavuni kushuka hadi mapajani. Pawe laini kote. Ukihisi kitu kama kokoto katikati, bado. Kunja miguu ya nyuma, ikunjike bila ubishi. Kipimo hiki cha vidole sikiruki tena. Mwaka wangu wa kwanza nilimpa jike langu panya ambaye nje alikuwa na joto zuri kabisa na ndani alikuwa na kiini cha barafu cha ukubwa wa punje ya mahindi. Siku ya tatu nilimkuta amemtapika, na harufu ile ya panya aliyemeng'enywa nusu haielezeki. Ilibaki puani mwangu wiki nzima.

Hatua ya 5: Mpashe joto

Hii ndiyo hatua inayoamua kama utalisha au utatupa.

Nyoka hawasomi dunia kwa macho kama sisi. Chatu wana vishimo vidogo kwenye midomo vinavyohisi joto. Kwao panya mwenye joto gizani ni kama taa iliyowashwa. Nyoka wengine, kama yule mwekundu wa Marekani, hawana vishimo hivyo na hutegemea zaidi harufu, ambayo ulimi huichukua hewani na kuipeleka kwenye kiungo maalumu kilichomo kwenye kaakaa. Lakini hata kwao joto lina kazi, maana panya wa moto hutoa harufu na panya baridi hatoi.

Jaza bakuli maji ya moto ya bomba, yale ambayo mkono wako unayavumilia bila raha. Maji yaliyochemka hayafai: ngozi hupasuka, tumbo hufumuka, na hakuna atakayekula. Mweke panya ndani ya mfuko mwingine mkavu, toa hewa, funga, mzamishe. Mfuko unamlinda asilowe, kwani manyoya yaliyolowa hubeba mchanga na maranda hadi mdomoni mwa nyoka. Mwache dakika 10 hadi 20 kulingana na ukubwa, ukibadilisha maji yanapopoa.

Unalenga joto la panya hai, nyuzi 37 hadi 40 juu ya ngozi. Kipimajoto cha mwanga wa infraredi, kile chenye umbo la bastola, hukupa jibu kwa sekunde moja. Usipokuwa nacho, mguse upande wa ndani wa kifundo cha mkono wako: awe na joto kuliko ngozi yako, asikuunguze. Kabla tu ya kwenda kwenye tangi, chovya kichwa chake peke yake kwenye maji ya moto sekunde 30, huku mwili ukiwa bado mfukoni. Kichwa ndicho unachotaka kipigwe.

Maikrowevu hapana. Haipashi joto kwa usawa: hupika sehemu moja na kuiacha nyingine mbichi, na panya huweza kupasuka. Nyama iliyopikwa hupoteza virutubisho, mifupa iliyopikwa huvunjika kwa ncha kali. Na hiyo ni mbali na ukweli kwamba kesho mtu atapasha wali humo.

Hatua ya 6: Mpelekee

Lisha jioni, taa zikiwa hafifu, kwa kuwa wengi wa nyoka hawa huamka giza likiingia. Usimchukue nyoka kumhamishia kwenye sanduku lingine la kulia. Watu wanasema ukimlisha nyumbani kwake atazoea kuuma kila mkono unaoingia, lakini dawa ya hilo ni nyingine: siku zisizo za kula, mguse kwanza ubavuni kwa fimbo ya kulabu kabla ya kumshika. Baada ya wiki kadhaa anajua kwamba kuguswa maana yake hakuna chakula. Kumbeba nyoka mwenye tumbo zito kumrudisha nyumbani kwake, hilo ndilo linaloleta kutapika.

Nawa mikono kabla. Mkono unaonuka panya ni panya. Tumia kibano kirefu, sentimita 30 au zaidi, chenye ncha butu. Na hapa kumbuka habari ya joto: chatu hulenga kitu chenye joto zaidi mbele yake. Ukichelewa na panya akapoa, kitu chenye joto zaidi ni vidole vyako.

Mshike panya kwenye nyonga au juu ya mabega, kichwa kikimwelekea nyoka. Mwingize kwa chini na kwa ubavu. Kinachoshuka kutoka juu humkumbusha ndege wa kuwinda, naye atajificha. Msimamishe panya umbali wa sentimita 15 hivi kutoka kwa nyoka na usimsukumie puani. Ngoja.

Kinachofuata kinastahili kutazamwa. Kwanza ulimi hubadilika. Ulikuwa ukitoka mara moja moja, sasa unatoka haraka, mrefu, ukipanda na kushuka. Kichwa hugeuka taratibu kama kimefungwa kamba. Shingo hurudi nyuma na kujipinda, mwili mwingine umetulia kabisa. Mtikise panya kidogo sana, kama aliyenusa kitu, hatua moja kisha asimame. Shambulio hutaliona, utaona tu kwamba panya hayupo kwenye kibano na kwamba pingu mbili za mwili zimeshamzunguka. Achia mara moja. Ukivutana naye unaweza kumng'oa meno.

Atambana panya aliyekwisha kufa kwa wiki kumi, kwa bidii ileile. Ukitaka azidi kubana, na ni mazoezi mazuri ya misuli, mguse panya mkiani kwa kibano mara mbili tatu. Kisha ondoka. Nyoka akishalegeza huanza kutafuta pua ya panya kwa pua yake, wakati mwingine akipotea hadi kwenye makalio na kurudi. Kichwa kikitangulia, miguu na manyoya hulala nyuma na mzigo unapita. Mwisho hupiga miayo mikubwa mara kadhaa kurudisha taya mahali pake. Usiwashe taa, usimwite mtu aje aone. Nyoka aliyeshtuka katikati ya mlo huuacha.

Nyoka wawili wasile ndani ya tangi moja. Wakimshika panya mmoja kila mtu upande wake, mmoja humfuata panya hadi kwenye kichwa cha mwenzake na kuendelea kumeza. Na ukiwa na nyoka wa mita tatu na kuendelea, usilishe ukiwa peke yako nyumbani.

Mijusi hawana mbwembwe hizi. Kenge na tegu huona vizuri, hukimbilia, hunyakua na kupigiza chini. Mweke panya mwenye joto la chumba juu ya sahani bapa na urudi nyuma. Ukiwalisha kwa kibano kila siku watajifunza kwamba mlango ukifunguka kuna nyama, na meno ya kenge ni jambo la kushonwa nyuzi.

Hatua ya 7: Muache ameng'enye

Joto la panya limemaliza kazi yake. Sasa ni zamu ya joto la tangi. Nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, kwa hiyo mlo hausagwi tumboni kwake pasipo kuwa na mahali pa kuotea. Kwa Python regius upande wa joto uwe nyuzi 31 hadi 33, kwa Pantherophis guttatus 28 hadi 30, na daima kuwe na thamostati, yaani kifaa cha kudhibiti joto, na upande wa ubaridi wa kukimbilia. Umeme ukikatika usiku wa kulisha na chumba kikapoa sana, panya huoza tumboni kabla ya kumeng'enywa, kisha hutapikwa. Ukiona dalili ya umeme kusumbua, ahirisha mlo.

Usimshike kwa saa 48, na zaidi ikiwa mlo ulikuwa mkubwa. Maji safi yawepo muda wote. Kinyesi kitakuja baada ya siku kadhaa.

Akitapika, ondoa, safisha, na usimlishe tena haraka kwa huruma. Tumbo limepoteza asidi na koo limechubuka. Ngoja siku 10 hadi 14, kagua joto, kisha mpe mlo wa nusu ya ule wa awali. Akitapika mara ya pili, au ukiona uvimbe katikati ya mwili usioondoka, nenda kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia, kwa sababu kuna kimelea anayeitwa Cryptosporidium anayeleta hali hiyo na hatibiki kwa kubahatisha.

Usafi, na hili si la mzaha

Friza haiui salmonela, bakteria wanaoleta ugonjwa wa kuharisha. Inailaza tu, na ukimpasha panya joto unaiamsha. Mwaka 2010 na tena 2014, Marekani ilipata milipuko ya salmonela kwa watu iliyofuatiliwa hadi kwenye panya wa kugandishwa wa kulishia nyoka, na Uingereza nayo imekuwa na mlipuko wa muda mrefu wa aina hiyo tangu 2015. Bakuli, kibano, kisahani na mizani viwe vya panya peke yake. Maji uliyopashia yamwage chooni badala ya sinki la jikoni. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa sekunde 20, kisha pangusa meza kwa maji ya sabuni kwanza na dawa ya klorini baadaye; dawa juu ya uchafu haifanyi kazi. Watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee wasishiriki kazi hii kabisa, hata kubeba mfuko.

Akisusa

Atasusa, siku moja au nyingine, hasa Python regius, ambaye anaweza kukataa chakula kwa miezi wakati wa msimu wa kujamiiana na kubaki mzima. Kwanza angalia macho: yakiwa na ukungu wa bluu, anakaribia kujivua gamba. Haoni vizuri, ana hasira, mwache hadi amalize. Halafu pima joto la tangi. Halafu jiulize kama umekuwa ukimshikashika, au umemhamishia mahali penye mwanga na kelele.

Kama yote yako sawa, basi rudi kwenye panya. Mara tisa kati ya kumi nilizoitwa kumsaidia mtu ambaye "nyoka wake hali panya wa friza", nilikuta panya ni vuguvugu tu. Mpashe kichwa tena, na ukitumia mashine ya kukaushia nywele dakika moja utapata joto na harufu kwa mkupuo. Jaribu rangi nyingine. Wapo waliozoea panya weusi na hawamtaki mweupe, au kinyume chake. Msugue panya kwenye maranda yaliyotumiwa na panya hai. Mwache mbele ya mlango wa maficho ya nyoka, juu ya karatasi, taa zikiwa zimezimwa, kisha asubuhi umwondoe akiwa hajaliwa. Kuna pia mbinu ya kumtoboa panya fuvu kwa sindano ili harufu ya ubongo itoke. Haipendezi, lakini kwa watoto waliotoka mayaini na hawajawahi kula inafanya kazi kuliko nyingine zote.

Jaribu mara moja, kisha ngoja wiki. Kumletea panya kila jioni kunamfundisha kuogopa panya. Panya aliyesuswa harudi friza. Mfunge kwenye mifuko miwili na umtupe.

Wakati wa kususa mpime uzito kila wiki. Mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki nyingi bila kupungua kitu cha maana. Akipoteza asilimia 10 ya uzito, au uti wa mgongo ukianza kujitokeza, au mdomo ukiwa na ute na pumzi zina mlio, mpeleke kwa daktari. Chukua na daftari lenye tarehe za milo, ukubwa wa panya, uzito na joto la tangi. Ndilo atakaloliulizia kabla hata ya kumfungua nyoka mdomo.